Kizibo, bondo na kopo: nani aliamua ipi ni bia na ipi ni pombe ya kienyeji?

Mkwawa, Iringa. Jumapili usiku

Niliahidi kwamba wiki hii sitalalamikia boom, nitaandika historia. Ahadi ni deni, leo nalipa.

Kwenye semina ya mbinu za kufundisha historia tumepewa kazi moja tamu sana: kila mtu achague kitu kidogo kinachookotwa barabarani, halafu aonyeshe historia ya dunia iliyojificha ndani yake. Wenzangu wamekimbilia kandambili, vocha, mfuko wa sandarusi. Mimi nimechagua kizibo cha bia. Kurasa tulizoruhusiwa ni nne tu, kwa hiyo yote yaliyozidi nayamwaga hapa. Mkichoka mnaruhusiwa kwenda kunywa chai mkarudi.

Wengi wetu tulivijua vizibo kabla hatujaijua bia. Darasa la kwanza tulibeba vizibo vya kuhesabia pamoja na vijiti, na kijiweni watu wazima wanavichezea drafti, mmoja anavigeuza chali na mwenzake kifudifudi. Lakini hivi nani kati yetu alishawahi kuhesabu meno ya kizibo chenyewe? Hesabu. Ni 21. Siyo kwa bahati, na nitafika huko.

Kwanza niseme hoja yangu ili msije mkadhani naandika tangazo la biashara. Mapishi ya bia ni ya kale na hayajabadilika sana: nafaka iliyooteshwa ikawa kimea, maji, kitu cha kutia uchungu, na hamira. Bibi yangu kule Rombo anayajua yote hayo, na hajawahi kukanyaga kiwandani. Kilichobadilika katika miaka 150 iliyopita ni vitu viwili: vifungashio, yaani chupa, kizibo, kopo, lebo, na visaidizi, yaani vile vitu vinavyotiwa kwenye bia wakati wa kuitengeneza, vikafanya kazi yao, kisha vikatolewa au vikabaki chini na mashapo, mnywaji asivione kabisa. Mimi nasema hivi vitu viwili, kuliko hata ladha, ndivyo vilivyoamua nani aitwe mwenye kiwanda na nani aitwe mama pombe.

Tuanze na zamani kidogo.

Katika karne ya 19 bia nyingi ya Ulaya na Marekani iliuzwa kwa pipa la mbao. Pipa likishatobolewa ni lazima linywewe haraka, la sivyo bia inageuka siki. Kwa hiyo bia haikusafiri mbali. Ilifika pale gari la farasi lilipoweza kufika na kurudi siku hiyohiyo. Matokeo yake kila mji ulikuwa na watengenezaji wake. Mwaka 1873 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 4,000, na vingi vilikuwa vidogo, vya familia. Kwa lugha ya leo tungesema nchi nzima ilikuwa na viwanda vidogo vya bia, ila hakuna aliyeviita hivyo kwa sababu hakukuwa na vikubwa vya kuvilinganisha navyo.

Chupa zilikuwepo, sawa, lakini zilikuwa kazi. Uingereza ilitoza kodi ya kioo mpaka mwaka 1845. Chupa zilipulizwa na mafundi kwa mdomo, hivyo shingo zake hazikufanana. Zilizibwa kwa kipande cha gome laini la mti, kama la chupa za mvinyo, kisha kikafungwa kwa waya au kamba ili gesi isikirushe darini. Wavumbuzi walihangaika sana. Mwaka 1872 Mwingereza Hiram Codd alisajili chupa yenye gololi ndani ya shingo. Gesi yenyewe inaisukuma gololi juu, inaziba. Mwaka 1875 Charles de Quillfeldt kule Marekani akaja na kizibo cha kubana kwa waya, kile kinachofunguliwa kwa kidole gumba. Mwaka 1879 Henry Barrett, Mwingereza mwingine, akaleta kizibo cha kuzungusha. Vyote vilifanya kazi, lakini vilikuwa na bei, na vilitakiwa kurudishwa kiwandani vikaoshwe vitumike tena. Kwa mtu anayejaza chupa mia kwa siku si neno. Kwa anayetaka kujaza laki, ni balaa.

Ndipo anaingia William Painter wa Baltimore. Mwaka 1892 alipata hataza ya kizibo cha bati chenye ukingo wa mawimbimawimbi, na ndani yake kipande chembamba cha lile gome. Bati linabanwa kwenye mdomo wa chupa, meno yanashika, gome linazuia gesi. Alikiita taji, kwa sababu kinaivisha chupa taji. Mwanzoni kilikuwa na meno 24. Baadaye kikatulia kwenye 21, na ndani gome likapisha plastiki. Ukikiangalia unaweza kudharau. Lakini kilikuwa na sifa mbili zilizobadilisha kila kitu: kilikuwa rahisi mno, na kilitumika mara moja kikatupwa. Mmoja wa wachuuzi wa kampuni ya Painter alikuwa King Gillette, na inasimuliwa kwamba bosi wake alimshauri abuni kitu ambacho watu watakitumia, watakitupa, watanunua kingine. Gillette akaja na wembe. Kwa hiyo ukinyoa ndevu asubuhi, ujue kuna undugu wa mbali na kizibo!

Kizibo peke yake kisingeweza. Kilihitaji wenzake wawili.

Wa kwanza ni joto. Louis Pasteur, baada ya Ufaransa kupigwa na Wajerumani katika vita ya 1870 hadi 1871, aliamua kuitengeneza upya bia ya Ufaransa ili angalau huko wawashinde. Mwaka 1876 alichapisha kitabu chake kuhusu bia, akionyesha kwamba bia inaharibika kwa sababu ya vijidudu, na kwamba ukiipasha moto kiasi ikiwa imefungwa, vijidudu vinakufa nayo inadumu. Kumbe bia inaweza kuuawa kistaarabu! Maana hamira nayo ni kiumbe hai. Bia iliyopashwa hivyo haiendelei kuchacha, haitoi gesi zaidi, haipasui chupa.

Wa pili ni mashine ya chupa. Mwaka 1903 Michael Owens wa Toledo, Ohio, alianzisha mashine iliyotengeneza chupa yenyewe bila mtu kupuliza. Kabla ya hapo viwanda vya vioo vilijaa watoto wa kubebabeba na kushikilia. Mashine ilitoa chupa zenye midomo inayofanana, na midomo inayofanana ndiyo inayokubali kizibo kimoja.

Na rangi je? Mbona chupa nyingi za bia ni kahawia? Hapa kemia inaingia. Bia inatiwa uchungu kwa maua ya mmea uitwao hopsi. Mwanga ukiipiga bia, zile chembe chungu za hopsi zinavunjika, kunatokea harufu mbaya inayofanana na ya kicheche akikasirika. Kioo cha kahawia kinazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Cha kijani kinazuia kidogo, cheupe hakizuii kitu. Basi, rangi ya chupa ni mwamvuli.

Weka pamoja: kizibo, joto, mashine, rangi. Ongeza reli na barafu. Sasa bia ya mji mmoja inaweza kunywewa mji ulioko siku kumi mbele, ikiwa na ladha ileile. Na mwenye uwezo wa kununua mashine zote hizo ni nani? Siyo yule wa gari la farasi. Huyo alianza kufa polepole.

Sasa njooni kwetu.

Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao, walianzisha Kenya Breweries jijini Nairobi. Kreti zao 10 za kwanza zilipelekwa Hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na bia yao ikaja kuitwa Tusker, kwa sababu ya yule mwenye pembe. Kwa upande wetu Tanganyika, kiwanda cha Dar es Salaam kilikuwa kinafanya kazi katika miaka ya 1930. Angalieni: hawa watu hawakukuta nchi isiyo na watengenezaji wa bia. Walikuta mbege Kilimanjaro, ulanzi hapa Iringa, komoni, busaa, lubisi ya ndizi kule Kagera. Walichokuja nacho ambacho hakikuwepo ni chupa yenye kizibo.

Na chupa hiyo ikageuka mpaka wa rangi. Serikali za kikoloni zilitenga vinywaji katika sheria: cha chupa kilikuwa cha Mzungu, na kile walichokiita pombe ya wenyeji kikawekewa vibali, vilabu na saa zake. Kule Kenya Mwafrika alisubiri mpaka baada ya Vita ya Pili ya Dunia ndipo akaruhusiwa kisheria kununua bia ya chupa. Ukitafakari, hakuna kitu ndani ya kimea kinachoifanya pombe moja iwe ya kistaarabu na nyingine ya kishenzi. Zote ni vinywaji vilivyochachuka. Tofauti ambayo afisa aliweza kuiona kwa macho ilikuwa chombo. Mpaka leo tunasema "bia" kwa ile yenye kizibo na "pombe" kwa ile ya kata na ndoo. Lugha yetu yenyewe imemeza ule mpaka.

Haya, tuje kwenye visaidizi, sehemu iliyonifanya nikose usingizi. Maana humo ndani nimetukuta sisi wenyewe.

Bia ikimaliza kuchacha inakuwa na ukungu: hamira imeelea, protini zimeelea. Ukiacha muda mrefu itatulia, ila muda ni fedha. Waingereza tangu zamani walitumia kibofu cha hewa cha samaki, kile kinachomsaidia kuelea. Kinakaushwa, kinalainishwa kwenye tindikali nyepesi, kinakuwa kama uji wa kolajeni. Kolajeni ina chaji chanya, hamira ina chaji hasi, zinavutana, zinashikana, zinazama chini. Pipa linang'aa kwa siku moja au mbili. Zamani vibofu bora vilitoka kwa samaki wakubwa wa Urusi waitwao stajoni, na vilikuwa ghali kweli, shilingi 25 za Kiingereza kwa ratili moja. Mwaka 1795 Mskoti William Murdoch, yule wa taa za gesi, alipata njia ya kutumia samaki wa kawaida wa bahari yao, na watengenezaji bia wa London wakamlipa pauni 2,000 ili waitumie.

Sasa huyo kibofu kwa Kiswahili cha kanda ya ziwa anaitwa nani? Bondo! Watu wa Mwanza, Musoma na Bukoba mnacheka sasa hivi. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akawala samaki wa asili, na kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya minofu vikaota kando ya ziwa. Minofu ikaenda Ulaya, mapanki yakabaki kwetu, na mabondo yakaenda zake. Mengi huenda China na Hong Kong kwa supu. Lakini mabondo ya sangara yamekuwa pia miongoni mwa malighafi za kung'arishia bia ya pipa ya Uingereza. Mwaka 1971 Waingereza walianzisha kampeni ya kuitetea bia yao ya asili ya pipa dhidi ya bia iliyopashwa na kuchujwa ya viwanda vikubwa. CAMRA ndilo jina la chama chao. Bia ya asili, ya kijiji, yenye utamaduni. Na katika utamaduni huo kulikuwa na nafasi ya bondo la mvuvi wa Ukerewe! Siku hizi baadhi wanaliacha, kwa sababu wasiokula vitu vya wanyama wanalalamika. Guinness walitangaza mwaka 2015 kwamba wanaachana nalo.

Kisaidizi cha pili kinatiwa mapema, kama dakika 10 hadi 15 kabla maji ya kimea hayajamaliza kuchemka. Ni mwani. Waayalandi walitumia mwani mwekundu wa mwambao wao. Leo unakuja kama unga au kidonge cha kitu kiitwacho karajinani, ambacho hushika protini na kuzishusha chini. Kuna aina moja ya karajinani inayofanya kazi hiyo vizuri, na inapatikana kwenye mwani ambao akina mama wa Zanzibar wanauita kotonii. Kilimo cha biashara cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wengi ni wanawake. Kotonii ana bei nzuri kuliko spinosam, lakini bahari ikipata joto anakufa, hivyo wengi wamebaki na spinosam wa bei ya chini. Siwezi kukwambia kamba ya mama fulani wa Paje iliishia pipa gani. Kidonge kikishakuwa kidonge hakina kijiji. Na ndilo hilo linalonikera.

Cha tatu ni udongo. Bia inayotakiwa kung'aa kama kioo inapitishwa kwenye unga mweupe uitwao daitomaiti, ambao ni magamba ya vimea vidogo mno vilivyoishi ziwani zamani za kale. Magamba yana vitundu, bia inapita, uchafu unabaki. Kenya wana machimbo yake Kariandusi, Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Elmenteita. Wanahistoria wenzangu hilo jina mnalijua! Ni palepale Louis Leakey alipokuta mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Yaani zana za kale za binadamu na chujio la bia, jirani.

Bondo, mwani, udongo. Ziwa, bahari, bonde. Tumo ndani ya historia ya bia ya dunia, wadau, ila tumo kama visaidizi: tunafanya kazi, kisha tunatolewa, mnywaji hatuoni.

Turudi Marekani tumalizie habari ya wadogo.

Kuanzia 1920 mpaka 1933 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima na viwanda vingi vilifungwa. Vilipofunguliwa, likaja kopo. Tarehe 24 Januari 1935, kampuni ya Krueger ya Newark ilianza kuuza bia ya kopo mjini Richmond, Virginia. Tatizo lilikuwa bia kula bati na kubeba ladha ya chuma, hivyo walipaka utando ndani ya kopo. Ajabu ni kwamba wadogo walipewa mlango: kulikuwa na kopo lenye shingo kama faneli, linalojazwa kwa mashine ileile ya chupa na kufungwa kwa kizibo kilekile cha Painter. Felinfoel, kiwanda kidogo cha Wales, eneo la watengeneza mabati, kilitumia kopo la namna hiyo mwaka huohuo wa 1935. Lakini kopo bapa la juu lilishinda, kwa kuwa lilijazwa kwa kasi na kupangika vizuri. Likaja la alumini mwaka 1959 kutoka Coors. Mashine zikawa kubwa, ghali, zenye njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani nzima ilibaki na viwanda vya bia chini ya 100. Kutoka zaidi ya 4,000!

Wadogo walirudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1976 Jack McAuliffe, aliyewahi kuwa mwanamaji, alianzisha New Albion kule Sonoma, California, kwa vifaa vya mitumba vya kiwanda cha maziwa na mapipa ya shira ya soda. Bia ilisifiwa, hesabu ikakataa, mwaka 1982 akafunga. Ila wengine walikuwa wamemwona. Kwa miaka mingi wadogo hawa walidhani kopo ni la wakubwa tu. Mwaka 2002 Oskar Blues, wa mji mdogo wa Lyons, Colorado, walianza kufunga bia yao kwenye kopo kwa kimashine cha mezani kutoka kampuni ya Cask ya Kanada, kwa mkono, kopo baada ya kopo. Watu walicheka. Leo Marekani ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000 na kopo ni fahari ya wadogo. Ona basi: hawakurudi kwa sababu walipata mapishi mapya. Walirudi mashine ya kufungia ilipopungua ikatoshea mezani.

Lakini mkono wa kifungashio bado uko shingoni mwao. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya Ball, mtengenezaji mkubwa wa makopo, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2022 wateja wasio na mkataba wataagiza makopo yaliyochapishwa kwa malori matano badala ya moja kwa kila aina. Lori moja ni makopo kama 204,000. Matano ni zaidi ya milioni! Mwenye kiwanda cha uani anatoa wapi nafasi ya makopo milioni? Wengi walikimbilia makopo matupu na kubandika lebo za karatasi. Hakuna aliyegusa mapishi yao, ila walitikisika.

Sasa niwaambie kwa nini haya yananigusa.

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mbege. Bibi anachemsha ndizi mbivu, anaziacha zichache, anachanganya na uji wa kimea cha ulezi, anatia maji ya gome la msesewe. Sikilizeni hilo: msesewe ni kisaidizi, unatia uchungu kama hopsi. Mizani ya bibi ni ulimi wake. Lakini mbege ikiiva ni leo. Kesho imekuwa kali, keshokutwa ni ya nguruwe. Mwaka nilipokuwa kidato cha pili mvua ilinyesha siku ya gulio kuanzia alfajiri mpaka jioni, hakuna mtu aliyetoka, na madumu matatu yakamwagwa zizini. Nilirudi shule wiki mbili baadaye, baada ya mbege nyingine kuiva. Bibi hakulia, alisema tu, "Mjukuu wangu, mbege haina kesho."

Nimelifikiria hilo neno sana kwenye kazi hii. Painter, Pasteur na Owens walichokiuza ni kesho. Mwenye kesho anaweza kusubiri bei, kukopa benki, kupanga. Asiye na kesho anauza kwa bei ya mnywaji wa mwisho aliyebaki. Na huwezi tu kuimiminia mbege kwenye chupa ukagonga kizibo: iko hai, itatoa gesi, chupa itapasuka. Wanaosafirisha ulanzi hapa Iringa wanajua, dumu husafiri kifuniko kikiwa kimelegezwa.

Je, haiwezekani? Inawezekana, na wapo waliojaribu. Katika miaka ya 1950 Max Heinrich, mjini Kitwe, Zambia ya leo, alianza kutengeneza Chibuku, pombe ya nafaka ya kiasili. Inasimuliwa jina limetokana na kitabu alichoandikia kila pishi lake. Ikauzwa kwenye pakiti ya karatasi ngumu ambayo haizuii gesi kabisa. Yaani badala ya kuiua pombe ili itoshe chomboni, chombo kilitengenezwa kitoshe pombe. Hiyo naipenda sana! Zimbabwe mwaka 2012 ikaja Chibuku Super, iliyopashwa moto na kufungwa kwenye chupa ya plastiki, ikadumu wiki tatu badala ya siku chache. Na hapa kwetu Banana Investments ya Arusha, kuanzia miaka ya 1990, wakaiingiza pombe ya ndizi kwenye chupa yenye kizibo, lebo na kodi. Ndizi zilezile za Wachagga na Wameru. Ikawa bidhaa.

Kuna atakayeniambia, "We mwalimu mtarajiwa, unataka watu walewe zaidi?" Hapana. Kifungashio kinaweza pia kuwa hatari, na mfano tunao. Pombe kali ilipotiwa kwenye kiroba cha nailoni ikawa ya bei ya chenji, ikaingia mifukoni mwa madereva wa bodaboda na hata wanafunzi, mpaka serikali ikapiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Pombe yenyewe haikupigwa marufuku, iliendelea kwenye chupa. Serikali ilipiga marufuku pakiti. Huo ni ushahidi mwingine kwamba chombo kina nguvu kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo nikiingia darasani kwa mazoezi ya kufundisha, nitapofika mada ya viwanda enzi za ukoloni, sitaanza na orodha ya sababu sita za kuandika ubaoni. Nitawauliza wanafunzi: kwa nini pombe ya bibi yako inaitwa ya kienyeji na ile ya kreti haiitwi ya kigeni? Wakibishana vya kutosha nitawapa vizibo wahesabu meno, kisha niwaonyeshe ziwa, bahari na Bonde la Ufa kwenye ramani.

Wadau wa kanda ya ziwa, naomba mnisaidie: bondo siku hizi linanunuliwaje mwaloni, na mvuvi anaambiwa linakwenda wapi? Na wa Kagera, lubisi mnaifungia kwenye nini ikitaka kusafiri? Andikeni hapo chini, nitasoma yote kabla sijakabidhi kazi Alhamisi.

Nawasilisha. Wiki njema.